Edison: Mvumbuzi aliyeisaka betri isiyochakaa

JINA la Thomas Alva Edison hutajwa zaidi pale inapozungumzwa taa ya umeme au santuri. Ni wachache wanaofahamu kwamba mvumbuzi huyo wa Marekani alitumia takriban miaka 10 na fedha nyingi kutafuta jibu la swali linalomsumbua hadi leo kila mwenye simu ya mkononi: kwa nini betri huchakaa mapema?

Edison alizaliwa Februari 11, 1847 katika mji wa Milan, jimbo la Ohio. Hakukaa sana shuleni. Mama yake ndiye aliyemfundisha nyumbani. Akiwa kijana aliuza magazeti ndani ya treni, kisha akawa mpeleka simu za maandishi. Mwaka 1877 alivumbua santuri, na miaka miwili baadaye akapata taa ya umeme iliyoweza kutumika majumbani.

Mwaka 1899, akiwa tayari na umaarufu mkubwa, aligeukia betri. Wakati huo magari ya umeme yalitumia betri za madini ya risasi. Zilikuwa nzito, tindikali yake ilikula vyuma, na zikiachwa muda mrefu bila chaji ziliharibika zisifufuke. Edison alichagua njia nyingine: nikeli na chuma ndani ya myeyuko wa potashi. Huko Sweden, mtaalamu Waldemar Jungner naye alikuwa akifuata njia iyo hiyo, na wawili hao waligombania haki za uvumbuzi.

Betri ya Edison iliingia sokoni mwaka 1903 kwa kishindo. Haukupita muda mrefu malalamiko yakaanza. Baadhi zilivuja, nyingine zikapoteza nguvu kabla ya wakati wake. Mwaka 1904 Edison alichukua uamuzi mgumu: alisimamisha uzalishaji, akazirejesha betri zenye kasoro na kuwarudishia wanunuzi fedha zao. Heshima yake ilikuwa hatarini, lakini hakukubali kuuza kitu asichokiamini.

Yakafuata majaribio ya miaka mitano. Betri mpya ya mwaka 1909 ilikuwa na nikeli iliyoshindiliwa ndani ya vijibomba vya chuma vyenye matundu, na myeyuko wake ulitiwa kiasi kidogo cha lithiamu ili kuongeza uwezo na uhai. Ilistahimili kuchajiwa kupita kiasi, kuishiwa kabisa na hata kutikiswa.

Bahati mbaya, soko lilikuwa limeanza kumpa kisogo. Gari la Model T la rafiki yake Henry Ford, lililotoka mwaka 1908, lilitumia petroli, na betri ya Edison haikufaa kuwashia injini kwa sababu haikuweza kutoa umeme mwingi kwa mara moja. Hata hivyo, ilipata makao kwenye reli, migodini na katika magari ya mizigo, ambako nyingine zilidumu kwa miongo kadhaa. Edison alifariki dunia Oktoba 18, 1931, akiwa na umri wa miaka 84.

Lithiamu aliyoitia kwa uchache ndiyo leo uti wa mgongo wa betri za simu na kompyuta, ingawa kwa kemia tofauti kabisa. Betri hizi hazina ustahimilivu ule. Adui yake mkubwa ni joto. Kuziacha juani au kuzichaji chini ya mto wa kulalia hufupisha maisha yake. Kuziacha zikae kwenye asilimia 100 kwa muda mrefu, au kuziishiwa kabisa mara kwa mara, huzichosha pia. Wataalamu hushauri chaji ichezee kati ya asilimia 20 na 80, na kifaa kisichotumika kihifadhiwe mahali pa baridi kikiwa na nusu ya chaji.

Edison alitaka betri ivumilie uzembe wa mtumiaji. Kwa betri za leo, uangalifu huo umebaki mikononi mwa mtumiaji mwenyewe.