Rudolf Diesel na ile nafasi ya nusu milimita

Wanajumuiya, wengi wetu tumewahi kupita Molenbeek upande ule wa mfereji unaopakana na Anderlecht, mtaa wa Heyvaert. Kwa miaka mingi magari makuukuu ya Ulaya yamekusanywa pale, halafu bandari ya Antwerp, halafu meli, halafu Afrika. Siku moja nilimkuta papa mmoja fundi, Mkongo wa Bukavu, ameinamia injini ya dizeli aliyoivua hedi. Pistoni na ringi alishaweka mpya. Sasa alikuwa anapima pistoni inachomoza kiasi gani juu ya bloku ikifika mwisho wa kupanda.

Mnaosoma sheria na uchumi mnivumilie kidogo. Gasketi za hedi za injini nyingi za dizeli huuzwa kwa unene tofauti, zimetiwa alama ya vitobo au vijino ukingoni. Ukifunga nene mno, mgandamizo unapungua, asubuhi gari linagoma kuwaka na moshi mweupe unatoka. Ukifunga nyembamba mno, pistoni inagonga hedi, na hapo injini umeiua. Tofauti yenyewe haifiki hata nusu milimita. Nikamwambia papa kwamba aliyetuletea balaa hili la kupima-pima aliitwa Diesel, jina la mtu. Akacheka, akadhani namtania.

Basi mtu huyo alikuwepo. Rudolf Diesel alizaliwa Paris tarehe 18 Machi 1858, wazazi wake ni Wajerumani wa Bavaria. Vita vya 1870 viliwafukuza Ufaransa wakakimbilia London, na kijana akapelekwa kwa ndugu Augsburg akasome. Alimaliza chuo cha ufundi cha Munich mwaka 1880 akiwa na alama za juu kabisa, baada ya homa ya matumbo kumkosesha mtihani mwaka uliotangulia. Mwalimu wake Carl von Linde, yule wa mashine za barafu, akampa kazi Paris.

Wazo lake ukilieleza ni jepesi: gandamiza hewa mpaka iwe moto kiasi cha kuwasha mafuta bila cheche. Mwaka 1892 akaomba hataza, 1893 akatoa kitabu. Katika mahesabu yake ya mwanzo alitaka shinikizo la angahewa 250. Jamani, 250! Karatasi haivuji. Silinda inavuja.

Kiwanda cha mashine cha Augsburg na kampuni ya Krupp wakamsaidia, naye akashusha matarajio yake sana. Injini ya kwanza ilipozungushwa kwa mkanda wa kiwanda mwaka 1893, mgandamizo ulifika kama angahewa 18 tu, maana hewa ilikuwa inapenya kati ya pistoni na silinda. Hapo ndipo penye shida yenyewe. Ukiacha nafasi kubwa, hewa inatoroka kabla haijapata moto. Ukiibana, chuma kinatanuka kwa joto na pistoni inakwama. Tarehe 10 Agosti mafuta yalipopulizwa ndani kwa mara ya kwanza yalilipuka kweli, kipima shinikizo kikapasuka vipande na Diesel akaponea chupuchupu. Wakarudi kwenye ringi, vali na pampu, miezi na miezi.

Tarehe 17 Februari 1894 fundi Linder aliuangalia mkanda akaona umebadilika: haukuwa unaivuta injini tena, injini ndiyo iliyokuwa inauvuta mkanda. Akavua kofia. Injini ilijiendesha kama dakika moja hivi. Mwenye hataza alikuwepo, lakini aliyeona kwanza ni fundi, na mimi mtu wa mahesabu nakiri hilo linaniuma kidogo.

Mwaka 1897 Profesa Schröter aliijaribu rasmi akakuta inageuza asilimia 26 ya nishati ya mafuta kuwa kazi. Injini nyingi za mvuke za wakati ule hazikufika nusu ya hapo. Leseni zikauzwa, Diesel akawa tajiri. Lakini viwanda vingine havikuwa na mikono wala mashine za kuchonga kwa usahihi ule. Injini za mwanzo zikawa zinaharibika, wateja wakazirudisha, na kufikia 1898 mwenyewe alikuwa amelazwa kwa uchovu wa akili. Kwenye maonyesho ya Paris ya 1900 injini ndogo ya aina yake iliendeshwa kwa mafuta ya karanga. Serikali ya Ufaransa ilikuwa inafikiria makoloni yake ya Afrika. Sisi tulikuwemo kwenye hesabu mapema.

Pesa zake alizipoteza kwenye viwanja na uwekezaji mbovu. Septemba 1913 alikuwa Ghent, na tarehe 29 akapanda meli ya Dresden pale Antwerp kwenda Uingereza, pamoja na Georges Carels, mwenye kiwanda cha Ghent kilichounda injini zake. Walikula chakula cha usiku, akaenda kulala kama saa nne, akaomba aamshwe asubuhi. Asubuhi kitanda hakijalaliwa. Wapo wanaosema aliuawa. Mimi naona madeni yanatosha kueleza. Siku kadhaa baadaye mabaharia wa Kiholanzi waliopoa maiti, wakachukua vitu vya mifukoni na kuirudisha baharini. Mwanawe Eugen alivitambua vitu hivyo kuwa vya baba yake.

Yule papa hakuniuliza zaidi. Alipima mara ya pili, akachagua gasketi ya vitobo viwili.