Liti wa Makiungu: Kabla Hajawa Jina la Uwanja

Wanachuo wenzangu, ukitaja Liti humu chuoni wengi watakujibu habari za mpira: ule uwanja wa Singida mjini, zamani Namfua. Sawa. Ila Liti alikuwa mtu, tena mwanamke, tena mganga wa mvua. Mimi ni mtoto wa Singida, na kwetu Wanyaturu anajulikana kama Liti Kidanka.

Aliishi Makiungu, ambayo leo iko wilaya ya Ikungi. Anayeijua nchi ile anajua ukavu wake. Mvua ni za msimu mmoja tu, na zikigoma, uwele na mtama vinakaukia shambani na njaa inaingia. Sasa fikiria uzito wa mtu anayeaminiwa kuita mvua! Anasikilizwa na wazee wenye ng'ombe wengi.

Tusidanganyane kwamba zamani ilikuwa pepo ya wanawake. Wanyaturu huhesabu ukoo kwa baba, na ng'ombe walikuwa mali ya wanaume. Hata hivyo, mwanamke alikuwa na eneo lake. Kulikuwa na imaa, ibada ya siri ya wanawake ambayo mwanaume hakuruhusiwa hata kuchungulia. Dawa, uzazi na mvua vilimpa mwanamke njia ya kuwa mkubwa kwa haki yake mwenyewe. Liti alipita njia hiyo.

Wajerumani walipojenga boma Kilimatinde, waliingia na kodi, kazi za lazima na majumbe wa kuwatumikia. Kusini, Vita vya Maji Maji vilizimwa mwaka 1907 kwa risasi na njaa. Ungedhani hakuna tena wa kuthubutu. Lakini mwaka 1908 Wanyaturu waliinuka, na aliyekuwa mbele yao ni Liti.

Simulizi yake kubwa ni ya nyuki. Wazee husema askari walipomfuata, aliwatumia makundi ya nyuki, wakatimua mbio na bunduki zao. Najua kuna watakaocheka. Ila Singida ni nchi ya asali; kujua tabia ya nyuki kwetu si mazingaombwe, ni elimu. Mwishowe alikamatwa na kuuawa.

Hapa ndipo ninapotaka tutulie kidogo. Kwa nini serikali yenye jeshi imwogope mganga wa mvua? Kwa sababu watu walimtii bila yeye kuteuliwa na boma. Mkoloni alihitaji jumbe wa kukusanya kodi, na kwa macho yake jumbe ni mwanaume. Dini mpya nayo ilikuja na mapadri na wachungaji, wote wanaume. Kisha Mwingereza akatunga Sheria ya Uchawi ya mwaka 1928. Kazi kama ya Liti, iliyokuwa cheo cha heshima, ikawekwa jirani na kosa la jinai.

Sisemi wamisionari hawakuleta jema. Makiungu hiyohiyo ina hospitali ya kanisa iliyookoa maisha ya mama zetu wengi, na shule zao zilimpa binti kalamu. Ila kalamu hiyo ilikuja wakati kiti cha mwanamke kwenye baraza la mvua kimeshaondolewa. Leo tukidai uongozi wa wanawake humu chuoni, kuna wanaotwambia eti hilo ni jambo la kigeni, mila zetu hazilijui. Mila zipi hizo? Miaka mitano tu baada ya Liti, pwani ya Kenya, Mekatilili wa Menza aliwaongoza Wagiriama dhidi ya Waingereza kwa viapo vya jadi. Naye alikuwa mwanamke.

Basi, mkienda Liti kutazama mechi, mwambieni aliyekaa pembeni yenu jina hilo ni la nani. Na akitaja nyuki peke yake, mwongezeeni na mvua.