Bettino Ricasoli

Bettino Ricasoli (Firenze, 9 Machi 1809 - Brolio, 23 Oktoba 1880) alikuwa mwanasiasa wa Italia aliyekuwa waziri mkuu mara mbili. Alikuwa pia mkulima wa mizabibu aliyeweka msingi wa divai nyekundu ya Chianti. Kwa msimamo wake usioyumba aliitwa Baroni wa Chuma.

Maisha

Alizaliwa katika ukoo wa makabaila uliomiliki ngome ya Brolio, katika vilima vya Toscana, tangu mwaka 1141. Alifiwa na wazazi angali kijana, akaachiwa jukumu la wadogo zake pamoja na mashamba yenye madeni. Mwaka 1830 alimwoa Anna Bonaccorsi.

Siasa

Mtawala wa Toscana alipoondoka mwaka 1859, Ricasoli alishika uongozi na kupigania muungano na ufalme wa Vittorio Emanuele II. Wananchi waliukubali kwa kura Machi 1860. Cavour alipofariki Juni 1861, Ricasoli alishika nafasi yake ya waziri mkuu hadi Machi 1862. Alirudi madarakani kuanzia Juni 1866 hadi Aprili 1867, wakati wa vita dhidi ya Austria vilivyoipatia Italia eneo la Veneto.

Divai

Huko Brolio alijaribu aina mbalimbali za zabibu kwa miaka mingi. Mwaka 1872 alimweleza matokeo kwa barua Profesa Cesare Studiati wa Chuo Kikuu cha Pisa. Sangioveto, ambayo leo huitwa Sangiovese, huipa divai harufu na nguvu. Canaiolo hupunguza ukali wake bila kuharibu harufu. Malvasia, ambayo ni zabibu nyeupe, huifanya iwe nyepesi na kufaa kunywewa mapema. Kwa divai ya kutunzwa miaka mingi, alishauri Malvasia iachwe.

Sababu yake huonekana katika glasi. Divai changa ya Sangiovese ina uchachu, harufu ya cheri, na tanini inayokausha ulimi. Ikitunzwa vizuri, tanini hulainika, rangi huelekea ile ya matofali, na harufu za ngozi, tumbaku na majani makavu hujitokeza. Zabibu nyeupe zikizidi, rangi na tanini hupungua, na divai haidumu.

Urithi

Kanuni za serikali za mwaka 1967 ziliagiza Chianti iwe na asilimia 10 hadi 30 ya zabibu nyeupe, bila kujali tofauti aliyoieleza Ricasoli. Hivyo jina lake lilihusishwa na mchanganyiko ambao hakuupendekeza kwa divai ya kukomaa. Baadhi ya watengenezaji waliacha kutumia jina la Chianti ili watengeneze divai bora zaidi. Tangu mwaka 2006 zabibu nyeupe haziruhusiwi tena katika Chianti Classico. Ukoo wa Ricasoli bado unatengeneza divai huko Brolio.