Sheikh Al-Amin na Viongozi Wasiolipwa

Juzi nilialikwa katika ukumbi mmoja hapa Majengo, Mombasa, kuzungumza na vijana waliokuwa wakifunzwa uongozi wa mtaa. Walikuwa wachangamfu, kila mmoja na daftari jipya na kalamu. Nilipowauliza kazi hii itaendeleaje fedha za ufadhili zitakapokwisha na posho kukatika, ukumbi ulinyamaza. Kijana mmoja aliyeketi nyuma akaangua kicheko, na wenzake wakamfuata. Nilirudi nyumbani na kicheko kile, na nilipokuwa njiani nikamkumbuka marehemu Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui.

Sheikh Al-Amin alizaliwa Mombasa mwaka 1891. Baba yake, Sheikh Ali bin Abdalla, aliyekuwa mwanachuoni mashuhuri, alifariki mwanawe akiwa bado mdogo sana, na malezi na masomo yake yakawa mikononi mwa jamaa yake, Sheikh Suleiman bin Ali Mazrui. Baadaye alivuka kwenda Unguja kusoma kwa Sayyid Ahmad bin Sumeit na Sheikh Abdalla Bakathir. Aidha alikuwa msomaji wa Al-Manar, jarida la Rashid Rida lililotoka Misri, na humo akakutana na fikra za watu waliotaka Waislamu wajitazame upya.

Wengi wetu humtaja kwa cheo chake, kwa kuwa alikuwa Kadhi Mkuu wa Kenya tangu mwaka 1937 hadi alipofariki mwaka 1947. Mimi naona kazi yake kubwa ilianza kabla ya cheo. Mwaka 1930 alianza kutoa Sahifa, gazeti la kurasa chache tu, la Kiswahili kilichoandikwa kwa herufi za Kiarabu. Miaka miwili tu kabla ya hapo, katika mkutano uliofanyika papa hapa Mombasa mwaka 1928, serikali za kikoloni zilikuwa zimekubaliana kwamba Kiunguja ndicho kitakachokuwa msingi wa Kiswahili sanifu, kiandikwe kwa herufi za Kirumi. Sheikh aliandika kwa Kimvita cha watu wake.

Msomaji asidhani kwamba hilo lilikuwa suala la lahaja tu. Mtoto wa Mombasa wa zama zile aliyepitia chuoni alizijua alifu na be hata kama hakuwahi kukanyaga shule ya serikali. Gazeti la herufi zile lingeweza kusomwa na kuli, na seremala, na mama aliyejifunza kusoma akiwa ndani ya nyumba yake. Tatizo ni kwamba Kiarabu hakina p, ch, g wala v kama tunavyozitamka, na irabu zake hazitenganishi e na i, wala o na u. Sheikh akaunda utaratibu wa alama za kuzitofautisha sauti hizo, ili msomaji asikisie. Mwanaisimu kama mimi angeweza kupewa shahada kwa kazi hiyo. Yeye aliifanya kwa sababu alikuwa na gazeti la kutoa.

Humo aliwahimiza watu wawasomeshe watoto wao wa kike, waache israfu na kuiga mambo kwa upofu, na wajifanyie wenyewe yanayowapasa. Makala yale yalikuja kukusanywa katika kitabu kiitwacho Uwongozi. Neno hilo linahitaji kutazamwa. Siku hizi tunaposema uongozi tunafikiria kiti, mhuri na gari. Sheikh alikusudia maana ya asili inayokaa pamoja na kuongoa na kuongoka, yaani kumwonyesha mtu njia naye akaifuata kwa miguu yake.

Gazeti lake la pili, Al-Islah, lilitoka mwaka 1932, mwaka ambao pia alifanywa kadhi wa Mombasa. Halikudumu. Lakini alikuwa anasomesha, na alianzisha Madrasatul Ghazali, akaandika na vitabu vya kufundishia watoto dini. Wanafunzi wakadumu kuliko magazeti. Sheikh Muhammad Kasim Mazrui, aliyesoma kwake, alikuwa Kadhi Mkuu tangu 1963 hadi 1968, na mwaka 1972 akatoa gazeti lake mwenyewe, Sauti ya Haki. Hao ndio wanaojulikana. Wasiojulikana ni wale waliorudi mitaani mwao wakafungua vyuo barazani, bila mshahara, na kumwachia mwanafunzi mkubwa amfundishe mdogo. Mimi mwenyewe nilifundishwa kusoma na mkubwa wangu wa miaka minne.

Sitaki kumpamba kupita kiasi. Alikuwa mtu wa Mji wa Kale na wa ukoo ulioitawala Mombasa hadi mwaka 1837, na mtu wa namna hiyo akisema husikizwa. Majengo ya wapangaji na makuli ilikuwa na viongozi wake wa aina nyingine. Januari 1947 wafanyakazi waliogoma walikusanyika humu humu, katika uwanja walioupa jina la Kiwanja cha Maskini, wakapanga mambo yao wenyewe. Sheikh alifariki Aprili ya mwaka huo huo. Ningependa kujua alitazamaje umati ule.

Baada ya mkutano wa juzi nilimtafuta yule kijana aliyecheka. Nikamuuliza hufanya nini jioni. Akaniambia kwamba baada ya Magharibi huwafundisha hesabu watoto wa majirani, kumi na wawili hivi, kwenye baraza ya nyumba wanayopanga, na sasa msichana mmoja wa darasa la nane ameanza kumsaidia kwa wale wadogo. Hakuna anayemlipa. Nikaomba kuiona fomu yake ya mafunzo. Mahali palipoulizwa uzoefu wake wa uongozi, hakuwa ameandika kitu.