Habari za Oscar Baumann, Mpima Nchi

Wasomaji wetu wa Sigi, Mlalo na Vuga wazijua njia za milima hii kwa miguu yao. Lakini jina la mtu aliyezichora zamani katika ramani, ni wachache walijuao. Twaona yafaa tueleze maisha yake, kwa maana kazi yake iligusa mashamba ya babu zetu.

Oscar Baumann alizaliwa Vienna, mji mkuu wa Austria, mwaka 1864. Tangu ujana alijifunza kupima nchi na kuchora ramani. Mwaka 1885, akiwa na umri wa miaka 21, alifuatana na Oskar Lenz kwenda Kongo, akauchora mto ule mkubwa hata maporomoko ya Stanley. Hapo ugonjwa ulimzuia, akarudi.

Mwaka 1888 alikuja Usambara pamoja na Hans Meyer, Mdachi aliyetaka kufika Kilimanjaro. Wakati uo huo watu wa pwani waliinuka kupigana na Kampuni ya Wadachi. Wasafiri hao wawili walipokuwa wakirudi Pangani walikamatwa na watu wa Bushiri bin Salim, wakatiwa minyororo, wala hawakufunguliwa mpaka walipokombolewa kwa fedha nyingi.

Mtu mwingine angaliiogopa nchi hii siku zote. Baumann alirudi mwaka 1890, naye alitumwa na Kampuni ile ile. Alipanda vilima, akatazama dira, akaandika saa za mwendo kutoka kijiji mpaka kijiji, akauliza majina ya mito na ya watawala Wakilindi. Mwaka 1891 kitabu chake juu ya Usambara na nchi za jirani kilipigwa chapa, pamoja na ramani.

Januari 1892 alitoka Tanga na msafara mkubwa. Mwezi Machi aliliona bonde la Ngorongoro, naye alikuwa Mzungu wa kwanza kuandika habari zake. Huko aliwakuta Wamasai wakifa kwa njaa, kwa kuwa sotoka ilikuwa imewaua ng'ombe zao. Akaendelea mpaka ziwa Viktoria, kisha Burundi, ambako watu walimshangilia wakidhani ni mfalme wao wa kale aliyerudi. Lakini si kote alikoshangiliwa. Msafara wake ulikuwa na bunduki, na mahali pengine ulipigana na wenyeji, watu wakafa.

Baada ya hayo mpima nchi alipewa kazi ya serikali. Mwaka 1896 alifanywa balozi wa Austria-Hungaria mjini Unguja. Hata hivyo hakuiacha dira yake: alivipima visiwa vya Unguja, Pemba na Mafia, na juu ya kila kimoja aliandika kitabu. Ugonjwa ulimrudisha kwao, akafa Vienna mwezi Oktoba 1899, umri wake miaka 35.

Sasa tutazame yaliyofuata huku kwetu. Mwaka 1893 reli ilianza kujengwa kutoka Tanga. Wazungu walikata misitu ya Usambara Mashariki wapande kahawa. Tena mwaka 1895 serikali ya Wadachi ilitoa amri kwamba ardhi isiyo na mwenyewe ni mali ya serikali. Nasi twajua desturi ya wazee wetu: shamba lililochoka hupumzishwa miaka kadhaa, majani yakaota, na mwenyewe yupo. Mgeni apitaye huona pori tu. Ramani ilionyesha kilima na mto, haikuonyesha ni shamba la nani.

Baumann siye aliyeitoa amri ile. Lakini waliotaka ardhi waliikuta njia imekwisha kuandikwa, nao waliomwonyesha njia hawakuambiwa itatumiwa kwa kazi gani. Wala tusiidharau kazi yake, kwa maana vitabu vyake vyatuhifadhia habari nyingi za wakati ule ambazo wazee wamekwisha kufa nazo.

Basi, ndugu walimu, kila mzee na awatembeze watoto wake mipakani mwa shamba, awatajie majina ya majirani, ya mawe na ya miti. Naye ajuaye kuandika na ayaandike mzee angali hai.