Charles Kettering, Mtu wa Demareri



Sisi wa Itebero, kwenye barabara inayotoka Bukavu kupitia Hombo kwenda Walikale, tunajua sauti za kamio. Kamio ikilala hapa juu ya matope, asubuhi shofere anageuza ufunguo na inalia krrrr mpaka mbuzi wanakimbia. Wengine kati yetu wanasema mara moja kwamba moteri imekufa. Mara nyingi moteri haina neno. Makelele ile inatoka kwenye demareri, na demareri iko na historia, na mtu wake. Leo tunaandika maisha yake.

Charles Kettering alizaliwa tarehe 29 Agosti 1876 katika shamba karibu na Loudonville, jimbo la Ohio, Marekani. Macho yake yalikuwa mabaya tangu utoto. Akisoma sana kichwa kinamuuma. Alikuwa mwalimu wa masomo ya kijiji, kisha akaingia universite, lakini macho yakamshinda akaacha. Akaenda kufanya kazi ya simu, kuchimba mashimo na kusimamisha nguzo. Alirudi darasani, akamaliza masomo ya umeme mwaka 1904, akiwa na miaka 27. Wale kati yetu wanaoona haya juu ya umri wao darasani, wahesabu vizuri.

Kazi yake ya kwanza kubwa ilikuwa Dayton, katika kampuni ya mashini za kuhesabia pesa dukani. Mashini hizo zilizungushwa kwa mkono, naye akaziwekea moteri ndogo ya umeme. Hapo njo aliona jambo ambalo lilimsaidia baadaye: moteri ndogo inaweza kufanya kazi kubwa kuliko nguvu zake, kama ni kwa muda mfupi tu kisha inapumzika.

Wakati ule motokari ilitiwa moto kwa manivela. Mtu anasimama mbele na kuzungusha chuma. Moteri ikipiga kinyume, manivela inarudi kwa nguvu na kuvunja mkono. Watu husimulia kwamba Byron Carter, mtengenezaji wa motokari, alisimama kumsaidia mwanamke barabarani, manivela ikamvunja taya, na akafa baadaye, mwaka 1908. Mkubwa wa Cadillac, Henry Leland, alitaka manivela iishe. Akamwendea Kettering, ambaye tangu mwaka 1909 alikuwa na kampuni yake, Delco, pamoja na Edward Deeds. Mafundi wengine walisema moteri ya kutosha kuzungusha gari itakuwa nzito kama gari yenyewe. Kettering hakusikia. Mwezi wa Februari 1911 demareri yake ilifanya kazi, na Cadillac za mwaka 1912 ziliuzwa nayo.

Sasa, makelele. Katika gari za leo demareri inasukuma gurudumu dogo la meno, ambalo mafundi wetu wanaliita bendiksi, likamate meno ya volani kubwa ya moteri. Moteri ikiwaka, gurudumu dogo lazima liachane nayo upesi, kwani volani ingelizungusha mpaka livunjike. Kwa hiyo fundi mzuri anasikiliza kwanza, hafungui kwanza. Ikilia tak-tak-tak tu na taa zinafifia, tazama batri na vichwa vyake: vimelegea au vimeota unga wa kijani. Ikilia wiiii na moteri haizunguki, bendiksi imechoka, haishiki tena. Ikilia krrrr, meno yanasagana: au yamelika, au bulo za demareri zimelegea. Hapo zima, weka vitesi, sukuma gari kidogo, rudisha vitesi katikati, ujaribu tena. Makelele ikipotea, meno ya volani yamelika upande mmoja, kwa sababu moteri hupenda kusimama mahali palepale. Na kama inalia hata moteri ikiisha kuwaka, zima mara moja, bendiksi imekwama. Kabla ya kugusa demareri, ondoa waya wa batri. Kugeuza ufunguo mara kumi kwa hasira ni kununua volani mpya, na tunajua bei yake.

Kelele nyingine ya moteri njo inatufanya tusimsifu Kettering bila kupima. Akiwa mkubwa wa utafiti wa General Motors, alitaka kuondoa kugongagonga kwa moteri ikipanda mlima, ambako esansi inawaka vibaya ndani ya silinda. Desemba 1921 msaidizi wake Thomas Midgley aligundua kwamba plombu kidogo katika esansi inanyamazisha kugonga. Alkoholi pia iliweza, na walijua. Walichagua plombu, kwa kuwa kidogo tu ilitosha na faida ilikuwa yao. Oktoba 1924 wafanyakazi watano walikufa kwa sumu hiyo huko Bayway, New Jersey. Mauzo yalisimamishwa mwaka 1925, yakaanza tena mwaka 1926, na moshi wenye plombu ukaenea dunia yote, hata kwenye barabara zetu. Plombu inaharibu akili za watoto wadogo. Mtu aliyeokoa mikono ya mashofere alitetea kitu hicho, na sisi hatuoni sababu ya kuificha.

Alifanya mengine mengi. Alishindwa pia: Chevrolet yake ya kupozwa kwa hewa, ya mwaka 1923, ilirudishwa kiwandani. Aliacha kazi mwaka 1947, akafa Dayton tarehe 25 Novemba 1958, na miaka 82. Esansi yenye plombu iliachwa katika Afrika ya kusini ya Sahara mwaka 2006. Nchi ya mwisho duniani kuiacha kwa motokari ilikuwa Algeria, mwaka 2021.