Bi Bessie Coleman, aliyevuka bahari kutafuta leseni ya urubani

Katika nyumba zetu hapa Ghuba kijana akisema anataka urubani, suali la mwanzo huwa ni fedha, la pili ni usalama. Akiwa mtoto wa kike, suali la tatu kila mmoja wetu analijua. Ndiyo maana leo nimependa kukuelezeni maisha ya Bi Bessie Coleman. Yote matatu yalimkuta, na la nne juu yake: rangi ya ngozi yake.

Alizaliwa tarehe 26 Januari 1892 Atlanta, mji mdogo wa jimbo la Texas, Marekani. Alikulia Waxahachie, ambako skuli ya watoto weusi ilikuwa chumba kimoja, na msimu wa pamba ukifika watoto walikwenda mashambani. Baba yake aliondoka mwaka 1901, mama yake, Bi Susan, akabaki na watoto. Bessie alidunduliza akaingia chuo Langston, Oklahoma, lakini fedha zikamwishia baada ya muhula mmoja.

Mwaka 1915 akahamia Chicago, akawa anatengeneza kucha katika duka la kinyozi. Kaka yake John, aliyekuwa vitani Ufaransa, alizoea kumtania kuwa wanawake wa huko wanarusha ndege, yeye hatoweza. Utani ule ukamkaa moyoni. Akabisha hodi katika skuli za urubani za Marekani, hakuna iliyomkubali. Robert Abbott, mwenye gazeti la Chicago Defender, akamshauri aende Ufaransa.

Hapa ndipo ninapompenda khasa. Hakuondoka kwa pupa. Alijifunza Kifaransa kwanza, akaongeza kazi ya pili, akakusanya nauli. Novemba 1920 akapanda meli. Alisomea Le Crotoy, katika skuli ya ndugu wawili wa ukoo wa Caudron, kwa ndege ya Nieuport ya mbao na kitambaa. Alimshuhudia mwanafunzi mwenzake akifa ajalini, na bado akaendelea. Tarehe 15 Juni 1921 akapata leseni ya kimataifa, mwanamke wa kwanza Mmarekani mweusi kuipata.

Wengi wanaomsimulia huishia hapo. Lakini leseni peke yake haikumpa kazi. Wakati ule riziki ya rubani ilikuwa kwenye maonesho, kupindua ndege angani mbele ya watu. Mwaka 1922 alirudi Ulaya kujifunza zaidi, kisha akaanza maonesho. Mwaka 1923 injini ilimzimikia California, ndege ikaanguka, akavunjika mguu na mbavu. Alipopona akarudi angani. Fedha alizozitafuta, kwa maonesho, kwa mihadhara, hata kwa duka la urembo Florida, alikusudia kufungulia skuli ya urubani, ili mtoto mweusi mwengine asilazimike kuvuka bahari. Na kule kwao Waxahachie alikataa kuruka mpaka weusi na weupe wapite mlango mmoja.

Tarehe 30 Aprili 1926, Jacksonville, Florida, alipanda ndege kuukuu pamoja na fundi wake, William Wills. Ndege hiyo ilikwishamlazimisha Wills kutua njiani alipoileta kutoka Texas. Wills ndiye aliyeshika usukani. Bessie hakufunga mkanda, kwani alitaka kuchungulia pahala pa kurukia na mwavuli siku ya pili yake. Ndege ikaenda mrama, Bessie akaanguka kutoka juu, akafa akiwa na miaka 34. Wills naye hakupona. Ilikutwa spana imekwama kwenye mitambo ya kuongozea.

Skuli yake hakujaaliwa kuifungua. Mwaka 1929 William Powell alianzisha Los Angeles klabu ya urubani kwa jina lake, na weusi wakafundishwa humo.

Mimi nina binti anayeitaka kazi hii, na jamaa hawaachi kuniuliza. Sijamzuia. Nimemtaka atangulize aliyoyatanguliza Bi Bessie: lugha, na ada ijulikane kabla ya safari. Nimemsimulia pia ile spana na ule mkanda, ajue kuwa kuikagua ndege kabla ya kuruka si jambo la kufanya kwa haraka. Na akishapata leseni, ningependa asome zaidi awe mwalimu wa marubani, apate kuwafundisha watoto wa wenziwe.